Namna ya Kulitumia Neno "Learn" Bila Kulichanganya na "Study", "Read" na "Teach"

Niliwahi kuombwa niipitie barua ya kuomba kazi kabla haijapelekwa, nikakuta ndani yake sentensi hii: "I learned at a secondary school in Morogoro for four years and I learned Mathematics and Physics." Mwandishi wake alikuwa kijana mwerevu aliyefaulu masomo yote mawili, na hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo halimo katika kamusi. Hata hivyo, msomaji aliyekulia katika Kiingereza angesita mara mbili, kwa sababu "learn" halisemi kile ambacho kijana yule alidhani linasema. Alikuwa amewaza kwa Kiswahili, akatafuta neno la Kiingereza linalolingana na kusoma na kujifunza, akalipata hilo moja, akaliweka kila mahali. Mwongozo huu nimemwandikia mtu kama yeye, anayekijua Kiingereza kiasi cha kuandika barua, insha au ripoti, lakini bado anababaishwa na kundi dogo la vitenzi vinavyohusu elimu.

Anza na maana ya msingi

Kitenzi chetu kujifunza kimetokana na kufunza kwa kuongezewa kiambishi -ji-, kile kinachoonyesha kwamba mtenda anajitendea mwenyewe. Kwa hiyo, tukitamka kwamba fulani anajifunza, akili zetu zinaiona kazi: mtu ameketi, anajibidiisha, anajaribu na kurudia. Kama kazi hiyo imezaa matunda au haikuzaa, kitenzi chenyewe hakituambii. Ndiyo maana Mswahili anaweza kusema bila kujipinga, "Nilijifunza kuogelea lakini sikuweza."

Ukiitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno, ukaandika "I learned to swim but I couldn't," msomaji wa Kiingereza atadhani umekosea kuandika. Kwake, mtu aliyesema "I learned to swim" ameshasema kwamba anajua kuogelea. "Learn" hulenga ujuzi wenyewe unaoingia na kukaa, na likiwa katika wakati uliopita huwa linatangaza kwamba ujuzi huo umeshapatikana. Aliyejaribu akashindwa husema "I tried to learn to swim," au "I took swimming lessons, but I never learned." Sentensi hii ya mwisho inafaa ikaririwe, maana inaonyesha waziwazi kwamba masomo ya kuogelea ni jambo moja na "learn" ni jambo jingine.

Kipimo cha kutumia kabla ya kuandika ni rahisi. Iandike sentensi yako kwa Kiswahili, kisha uiongezee mwishoni maneno "lakini sikufanikiwa." Ikiwa sentensi bado inaleta maana uliyoikusudia, basi ulikuwa unazungumzia juhudi, na neno unalolihitaji huenda si "learn". Ikiwa maneno hayo yanaivunja sentensi, ulikuwa unazungumzia ujuzi uliokwisha kupatikana, na "learn" ndilo neno lako.

Kipimo cha pili kinahusu muda. Juhudi hupimwa kwa urefu wake, na Kiingereza hutumia "for": "She studied law for four years." Ujuzi unaopatikana hupimwa kwa muda uliohitajika hadi ukapatikana, na Kiingereza hutumia "in": "She learned to drive in three weeks," yaani wiki tatu zilitosha akawa anajua. Pengine utauliza kuhusu "I have been learning English for five years," ambayo ina "learning" na "for" pamoja. Sentensi hiyo ni sahihi kabisa, kwa sababu umbo la "-ing" linaonyesha kwamba msemaji bado yuko njiani; ujuzi unaendelea kuingia na haujakamilika. Ukisema "I am learning to drive," hakuna atakayekupa ufunguo wa gari lake.

Kusoma kwetu kuna vyumba vingi

Kikwazo kikubwa kwa Mswahili, kwa maoni yangu, si kujifunza bali ni kusoma, kwa sababu kitenzi hiki kimoja kinafanya kazi ambayo Kiingereza kimewagawia vitenzi vinne au vitano. Tunasoma gazeti, tunasoma chuoni, tunasoma sheria, tunasoma kwa ajili ya mtihani, tunasoma hadi darasa la saba. Anayetaka kuandika Kiingereza safi hana budi kukivunja kitenzi hiki vipande vipande kila anapokutana nacho.

Kusoma maandishi ni "read", na hapo hapana tatizo. Kusoma kwa maana ya kuwa mwanafunzi wa mahali fulani, au wa taaluma fulani, ni "study". Tunaandika kwamba Julius Nyerere "studied at Makerere" kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha akaenda Uingereza na "studied at Edinburgh" kuanzia 1949 hadi 1952. Kuandika "learned at Makerere" bila kutaja alichojifunza kunaiacha sentensi ikining'inia, kama vile mtu aseme kwa Kiswahili "alipata Makerere" halafu anyamaze. Msomaji anabaki akiuliza: alipata nini? Ni sahihi, hata hivyo, kusema kwamba mtu alijifunza jambo fulani mahali fulani, mathalani "He learned to debate at Makerere," kwa kuwa sasa kilichopatikana kimetajwa.

Kusoma kwa maana ya kuwa katika darasa fulani hakuhitaji hata kitenzi cha elimu. "Anasoma kidato cha pili" ni "She is in Form Two," wala si "She reads Form Two" au "She learns Form Two." Vilevile "Nimesoma hadi darasa la saba" ni "I went to school up to Standard Seven." Katika Kiingereza cha Kenya utasikia sana "I schooled at" ikifuatiwa na jina la shule, wenzetu wanaelewana kwa usemi huo, lakini katika barua inayokwenda nje ya Afrika ni salama zaidi kuandika "I went to" au "I was educated at."

Kuna jambo moja linaloweza kumchanganya mwanafunzi makini: Waingereza wenyewe, hasa wanapozungumzia vyuo vikuu vyao vya kale, husema "He read law at Oxford," yaani alisomea sheria huko. Matumizi hayo ni ya Kiingereza sahihi, lakini yana harufu ya mahali maalumu na ya urasmi, na wasomaji wengi wa Marekani hawayazoei. Ni vyema uyafahamu unapoyakuta, lakini wewe mwenyewe utumie "studied law."

Kusoma kwa ajili ya mtihani ni "study for an exam" au, kwa Kiingereza cha Uingereza ambacho shule zetu zimekirithi, "revise for an exam." Kiswahili chenyewe kina neno zuri kwa kazi hii, kudurusu, ambalo nasikitika kuliona likisahaulika, anayewaza "ninadurusu" hatajikuta ameandika "I am learning for my exam," kwani kudurusu kunamkumbusha kwamba anarudia yale aliyokwisha kuyasikia. Sentensi "I am learning for my exam" huandikwa sana na wanafunzi wa lugha nyingi, si Waswahili pekee, na mwalimu wa Kiingereza atakusahihisha akuandikie "studying".

Na kusomesha? Hapa hatari ni kubwa zaidi. Mama wa Tanzania anaposema "Ninasomesha watoto watatu," aghalabu anamaanisha kwamba analipa karo, na Kiingereza chake ni "I am putting three children through school" au "I am paying school fees for three children." Kwa Waswahili wengi wa Kenya, kusomesha ni kufundisha, na hapo Kiingereza ni "teach". Hakuna hali hata moja kati ya hizi mbili ambamo "learn" linaweza kutumika.

Usimwambie mtu kwamba amekulearnisha

Sentensi "He learned me English" si sahihi katika Kiingereza rasmi cha leo. "Learn" ni kazi ya mwanafunzi na "teach" ni kazi ya mwalimu, na mpaka huo haupitwi. Inafaa ujue kwamba haukuwapo siku zote: zamani "learn" lilimaanisha pia kufundisha, na katika maigizo ya Shakespeare bado limo likiwa na maana hiyo. Baadhi ya lahaja za Kiingereza zimelihifadhi hadi leo, kwa hiyo ukimsikia mzee wa kijijini Uingereza akisema "I'll learn you," elewa kwamba anatumia urithi wake wa kale, lakini usimwige katika barua yako.

Anayekupa ujuzi huingizwa kwa "from". "Nilijifunza kusuka mikeka kwa bibi yangu" ni "I learned to weave mats from my grandmother." Kwa kuwa "kwa" na "kwake" hutafsirika kwa njia nyingi, wapo wanaoandika "I learned to my grandmother," jambo ambalo halina maana. Kama bibi ndiye unayetaka kumtukuza, igeuze sentensi: "My grandmother taught me to weave mats." Na kama hukufundishwa na yeyote, Kiswahili kinasema kujifundisha na Kiingereza kinasema "teach oneself": "I taught myself the guitar."

Unaposikia habari

Maana ya pili ya "learn" haihusiani na shule wala bidii, nayo ndiyo inayowaponza watafsiri. "I learned that he had died" maana yake ni kwamba nilipata habari za kifo chake. Niliambiwa, nilisoma mahali, au ziligundulika. Kila ninapokutana na tafsiri ya Kiswahili inayosema "Alijifunza kwamba baba yake amefariki," huniuma kidogo, kwa sababu hakuna mtu anayejifunza msiba. Andika "alipata habari," "aliarifiwa" au, kama ni jambo lililokuwa limefichika, "aligundua." Gazeti la Kiingereza linapojisifu kwamba "has learnt" jambo fulani, gazeti la Kiswahili husema "limebaini."

Katika maana hii, kihusishi kinabadilisha uzito wa sentensi. "Learn of" hutumika kwa tukio ambalo umepata habari zake: "We learned of the accident on Friday." "Learn about" inaweza kuwa na maana hiyohiyo, lakini mara nyingi huashiria kulifahamu jambo kwa mapana, kama vile "We learned about the slave trade in Standard Six." Anayeandika salamu za rambirambi kwa Kiingereza atumie "I was very sorry to learn of your father's death," sentensi yenye heshima iliyozoeleka katika barua za aina hiyo.

Kukubali, kuzoea na kukoma

"Learn to" ikifuatwa na kitenzi cha hisia au cha tabia huacha kuzungumzia ujuzi wa mikono na kuanza kuzungumzia moyo. "She learned to live with the pain" ni kwamba aliyazoea maumivu. "You must learn to listen" ni kwamba hauna subira na unapaswa kuipata. Kiswahili hapa hupendelea kuzoea au kujizoeza, na mtafsiri mzuri hatasita kuliacha neno kujifunza pembeni.

Kisha kuna upande wa adhabu. "He has learned his lesson" ni kwamba ameshika adabu, amekoma, hatarudia. "Some people never learn" ni maneno ya mtu aliyekata tamaa na wasiosikia. "To learn the hard way" ni kufunzwa na mateso kwa sababu ulikataa kufunzwa na maneno, na Kiswahili kina methali nzima kwa ajili hiyo, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Unapotafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, usiibebe methali hiyo neno kwa neno katika ripoti ya kazi. "He learned it the hard way" inatosha na inaeleweka.

Kukariri na kuhifadhi

"Learn by heart" ni kuhifadhi maneno mpaka uweze kuyasema bila kutazama kitabu, kama watoto wa chuoni wanavyohifadhi sura za Qur'ani na kuzisoma kwa ghibu. Usemi huu una heshima. "Learn by rote", kinyume chake, huwa na lawama ndani yake: mtoto anakariri bila kuelewa. Kiswahili cha shuleni Tanzania kimeanza kulitia lawama hiyo neno kukariri lenyewe, maana walimu husema "usikariri, elewa," kwa hiyo angalia mwandishi anakusudia nini kabla ya kuchagua. Jihadhari pia na "cram". Wengi wetu Afrika Mashariki tunalitumia kwa maana ya kukariri, ilhali kwa Mwingereza ni kujisomea kwa pupa siku chache kabla ya mtihani.

Maumbo: "learned" na "learnt"

Wakati uliopita una maumbo mawili, "learned" na "learnt", na yote mawili ni sahihi katika Kiingereza cha Uingereza. Marekani hutumia "learned". Chagua moja na ulishike mpaka mwisho wa andiko lako. Kuyachanganya katika ukurasa mmoja kunamwonyesha msomaji kwamba mwandishi hakujisahihisha. Mimi nimechagua "learned" katika mifano yangu mwenyewe kwa sababu inakubalika pande zote mbili za bahari.

Lipo, hata hivyo, neno jingine lenye tahajia hiyohiyo "learned" ambalo ni kivumishi, lenye maana ya msomi au mwenye elimu kubwa, nalo hutamkwa kwa silabi mbili, kama "lan" ikifuatwa na "id". Tunalisikia zaidi mahakamani, ambako wakili humtaja mwenzake kuwa "my learned friend". Kutoka hapo ndipo tumepata "wakili msomi" ya mahakama zetu. Kivumishi hiki hakiandikwi kamwe kwa "t". Lakini tabia iliyopatikana kwa kujifunza, badala ya kuzaliwa nayo, huitwa "learned behaviour", na hapo hutamkwa kwa silabi moja.

Kuhusu matamshi kwa jumla, irabu ya "learn" haimo kati ya irabu zetu tano. Si "a" ya "lala" na si "e" ya "lea"; ni sauti ya katikati ya kinywa, ulimi ukiwa umelala na midomo ikiwa haijaviringwa, ileile inayosikika katika "bird", "work", "nurse" na "church". Anayetamka "bird" sawasawa na "bad" atatamka pia "learn" kama "lan", na mara nyingi ataeleweka kutokana na muktadha. Zoezi zuri ni kuyasema maneno hayo manne mfululizo, kisha "learn", bila kuibadilisha irabu. Uingereza "r" haisikiki, Marekani husikika.

Nomino zake

"Learning" kama nomino haihesabiki katika Kiingereza cha kawaida. Ripoti nyingi za miradi zimejaa "key learnings", lakini wasomaji wengi makini hawalipendi umbo hilo, na "lessons learned" linalifikisha jambo lilelile bila kumchokoza yeyote. Kwa Kiswahili ni "mambo tuliyojifunza." Usidhani, hata hivyo, kwamba kila "mafunzo" ni "learning": mafunzo ya ufundi, ya polisi au ya semina ni "training", na Zanzibar jina Chuo cha Mafunzo ni la taasisi ya magereza, kwa hiyo anayelitafsiri kuwa ni chuo cha masomo atampoteza msomaji wake vibaya.

"Learner" ni mtu aliye katika hatua ya kujifunza, kama dereva ambaye gari lake limebandikwa herufi L nyekundu. Afrika Kusini hulitumia kwa wanafunzi wote wa shule, na mtaala mpya wa Kenya umelipendelea vilevile. Mwanafunzi wa chuo kikuu, popote alipo, anabaki kuwa "student".

Sasa turudi kwenye barua ya yule kijana. Tulikaa naye mezani, tukaanza kwa kuiandika upya sentensi yake kwa Kiswahili na kukiuliza kila kitenzi swali lake. "Nilisoma katika shule ya sekondari" ilikuwa ni kuwa mwanafunzi wa mahali, basi "I studied at." "Nilisoma Hisabati na Fizikia" ilikuwa ni kuyachukua masomo hayo, basi "where I took Mathematics and Physics." Nikamuuliza ni kitu gani hasa alichotoka nacho pale shuleni ambacho mwajiri angekihitaji. Alifikiri kwa muda, akasema kwamba alikuwa akitunza vifaa vya maabara na kuandika kumbukumbu zake, na kwamba hakuwahi kupoteza kifaa hata kimoja. Tukaiandika hiyo: "I also learned to look after laboratory equipment and to keep accurate records of it." Katika barua nzima "learn" likabaki mahali hapo pamoja tu.